Lebo Yangu na Valiha ya Baba

Jumatatu, 3 Juni
Kampuni inayohifadhi tovuti ya marehemu Baba inafunga Ijumaa. Nyimbo zote alizopiga kwa valiha yake, ala ya nyuzi ya mwanzi, zimo humo tu. Kanda zenyewe zililiwa na unyevu. Mama kanikabidhi mimi kazi ya kuzihamishia tovuti mpya, si binamu yangu Mbolatiana. Binamu kanuna. Vizuri.

Jumanne, 4 Juni
Faili la kuhamishia ninaloliandika halibebi sauti. Linaonyesha tu zilipo, kwa neno la alama liitwalo lebo; tovuti mpya inaisoma lebo, inazifuata huko na kuzinakili. Mbolatiana kaja bila kualikwa. Eti nitumie lebo ya kawaida, ambayo kila programu inaijua. "Kaka, usijitungie lebo. Nani ataielewa?"
Mimi nitaielewa. Nimeiita sauti-ya-rantsoa. Rantsoa ni jina langu. Kila mwanamuziki wa Antananarivo atanitafuta.

Alhamisi, 6 Juni
Tovuti imehama. Majina ya nyimbo yote yapo. Mbolatiana kauliza kama nimebonyeza hata wimbo mmoja. Nikamwambia wivu utamuua.

Ijumaa, 7 Juni
Tovuti ya zamani imezimwa. Mama kawaita shangazi zangu Jumapili, waje kusikiliza.

Jumapili, 9 Juni
Mama alivaa lamba yake nyeupe, shuka yake ya sherehe. Akabonyeza wimbo ambao Baba alimpigia siku ya posa. Kimya. Akabonyeza mwingine. Akaongeza sauti. Akauliza kama masikio yake ndiyo yameharibika.
Mbolatiana akalifungua faili, akaiona lebo, akanigeuzia skrini. Afadhali angenitukana. Tovuti mpya haikuijua lebo yangu, ikairuka. Nikaipigia simu ile kampuni. Wamefuta kila kitu.
Mama akavua lamba yake. "Alikuwa anakohoa kidogo kabla ya kuanza," akasema. "Kile kikohozi ndicho nilichokuwa nakitaka."
Shangazi wakaondoka bila kugusa wali.

Jumatatu, 10 Juni
Mama hajatoka chumbani. Nilimwachia maji moto ya ukoko wa wali mlangoni, yamepoa palepale. Nimelia jikoni.
Nimefikiri sana kosa lilikuwa wapi. Jina la lebo lilikuwa fupi mno, mashine haikulitilia maanani. Kwaya ya kanisa inahamisha tovuti yake wiki ijayo, na waimbaji wake wengi wa zamani ni marehemu. Nimewaambia wasijisumbue kumwita Mbolatiana, nitaihamisha mimi. Lebo mpya nimeipa jina langu na la ukoo.