Blanketi Nene la Barnaba

Ndalambo. Jumatatu, 14 Juni 1948

Kaka yangu Barnaba bado anakohoa. Mkewe Tabita alimletea uji. Akaonja, akausifu: uji mnene! Mnene! Nikamwambia uji huwa mzito. Kinene ni kitabu, ubao, shingo ya jumbe. Akacheka mpaka kikohozi kikamkaba. Akasema jeshini walikunywa uji mnene miaka minne na hakuna aliyekufa kwa neno. Kiswahili cha kambini! Mimi nimefundishwa misheni. Tabita akatuomba tuache. Siwezi kuacha.

Jumanne, 15 Juni

Nimepata mbinu! Nakwenda Mbozi kwa Mwalimu Abrahamu aliyenifundisha misheni, akate shauri kwa maandishi. Siku tatu kwenda, tatu kurudi. Nitamsomea Barnaba mbele ya watu wote baada ya ibada. Tabita hataki niondoke. Anasema mgonjwa ameanza kutetemeka. Barnaba mwenyewe kanihimiza niende nikaaibike. Akajivua blanketi lake la jeshi akanipa, maana Mbozi kuna baridi. Blanketi nene. Kwa hilo tu hatujawahi kubishana. Nilikataa, lakini si sana.

Mbozi. Ijumaa, 18 Juni

Baridi kali! Sikuisikia. Nilimkuta Mwalimu akichuma kahawa. Akauliza kama kweli nimetembea siku tatu kwa ajili ya uji. Nikasema ni kwa ajili ya ukweli. Akaandika: uji huwa mzito, unene ni wa kitu kama ubao au blanketi, toka upande huu hadi ule. Akaniuliza hali ya Barnaba. Nikasema hajambo. Nimeshinda!

Ndalambo. Jumatatu, 21 Juni

Nilifika barua mkononi. Uani watu tele. Nikafurahi, nikadhani wamekuja kunisikiliza.

Ni matanga. Barnaba alikufa Jumamosi, wakamzika jana, ndani ya mkeka. Tabita anasema alitetemeka sana. Aliulizia blanketi, kisha akakumbuka, akasema basi, Nikodemo asije akaumwa njiani.

Nimelia. Hata sasa nalia. Barua nimeificha.

Jumatano, 23 Juni

Nilikwenda kaburini, nikamsomea barua yote. Nikangoja anicheke. Ushindi gani huu? Nikamwambia haya kaka, uji na uwe mnene. Uwe utakavyo.

Jumatatu, 28 Juni

Tabita naye anakohoa. Leo kaniletea uji, akauita mnene, kama mumewe. Sikumsahihisha. Nimebadilika!

Ila Ezron, aliyechimba kaburi, kasema mbele ya watu kwamba shimo la kaka ni refu. Refu! Kirefu ni kina, si shimo. Nimemweleza mara tatu. Amekataa katakata, na wengine wakacheka. Mwalimu Abrahamu ataamua.

Tabita kaomba blanketi, anasikia baridi. Nimemwahidi nitampa nikirudi. Naondoka kesho asubuhi.