Godoro la Zumari

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mtangaza maradhi, matapeli humgombania. Ndivyo alivyoamini Zumari, aliyepewa jina hilo kwa sauti tamu iliyomlisha bila jasho. Siku aliyomsikia Mama Magodoro akipiga chafya kumi na moja mfululizo mlangoni mwa duka lake, moyo ulimcheza ngoma.

"Shikamoo, mama. Pua hiyo ina miaka mingapi?"

"Marahaba. Minane, mwanangu. Uso unauma utadhani nimepangiwa matofali nyuma ya macho. Hata harufu sisikii."

Zumari alitikisa kichwa kwa huzuni ya msibani, akachomoa chupa mfukoni. Dawa ya mababu tisa, alisema. Unainama, unaimimina tundu hili itokee lile, asubuhi na jioni. Ukweli, ambao tutauheshimu kwa kuutaja mara moja tu, ni kwamba yalikuwa maji yaliyochemshwa na chumvi ya jikoni kwake.

"Bei?"

"Mama, pumzi haina bei. Nipe tu godoro lile nene la pembeni."

Mama alikubali upesi kuliko heshima ya biashara inavyoruhusu. Zumari akalibeba kichwani, akiimba njia nzima.

Siku ya tatu ya kulilalia aliamka uso umemvimba, pua imeziba, na ile sauti imegeuka honi ya lori bovu. Alipojaribu kuuza dawa sokoni, wateja walishika mbavu.

"Mganga wa pua mwenye kamasi? Jitibu kwanza, kaka."

Wiki mbili hakuuza hata chupa moja. Bila sauti, Zumari alikuwa mtu wa kawaida tu, na hilo lilimtisha kuliko polisi. Akalipasua godoro: chini ya kitambaa kipya, matambara yaliyooza na vumbi la kujaza ndoo. Akalikokota hadi dukani.

"Baba, ubedipa takataka."

"Leo nimekuwa baba?" Mama Magodoro alivuta pumzi ndefu, safi, ya makusudi. "Daktari aliniambia mambo mawili, mwanangu. Nioshe pua kwa maji ya chumvi kila siku. Hayo najichemshia tangu mwaka jana. Na niliondoe vumbi hilo dukani. Nilikosa wa kulibeba."

"Basi seba sabahadi."

"Samahani? Sisemi," alijibu mama, akaendelea kufagia.