Habari Zangu Zinavuja

Jumatatu, 3 Mei 1999

Ameniibia tena. Asubuhi nimepita sokoni, ubao wa Philémon unasema: ng'ombe wa Kaniama ameingia kanisani katikati ya mahubiri. Habari yangu! Niliipata minyi mwenyewe jana kwa mtu wa pikipiki, nikamnywesha na chai, nikaipeleka kwenye foni, ile redio ya kuitia miji ya mbali, siku ile ile. Leo iko kwa chaki mbele ya wauza mihogo wote. Philémon, muuza chumvi, amesimama pembeni anapokea pongezi.

Huyu ana mpelelezi. Nani?

Si jambo dogo. Lukmani, mutoto wa dada yangu, ana kompyuta Lubumbashi. Anatengeneza gazeti la Internet, ili ndugu zetu wa Ulaya wasome ya kwetu hata vita ikikata barabara. Anataka mwandishi mmoja tu wa Kamina, na jina lake litakaa juu ya ukurasa. Atachagua Jumatatu ijayo. Babu yangu alitembea kutoka Kasongo na mizigo ya biashara, akafa bila jina lake kuandikwa popote. Nataka langu liandikwe. Lakini Lukmani anasema kila mtu wa Kamina anayempigia foni anamtajia Philémon.

Jumatano, 5 Mei

Nimeenda kwa Émerence, mwenye foni. Redio yake imezeeka, Lubumbashi haisikii mpaka upige kelele za kuita mbuzi. Dirisha wazi, la sivyo moshi wa jenereta unatuua. Benchi limejaa, wake za basoda, askari wa vita hii, wanangoja kuongea na kwao. Philémon naye yuko, anamngoja binti yake wa Kolwezi hewani. Nikafurahi. Akiwa hapa, hawezi kuwa huko anapokea siri zangu.

Nikatoa habari kwa raha zangu: mvuvi wa Mulongo amepasua kambale, ndani ya tumbo amekuta saa ya mkono, na bado inatembea. Mke wa soda mmoja akaomba nirudie pale pa saa. Nikarudia. Adabu ni kitu cha bure.

Lukmani akanipa mashauri ya kutunza ukurasa. Kichwa cha habari kikae kati ya alama: unafungua H moja, unasema kichwa, unafunga H moja. Ukisahau kufunga, ukurasa mzima unatoka herufi kubwa kama tangazo la bia. Tena kila habari iwe na nakala mahali pengine, maana kompyuta inaweza kufa bila kuaga.

Nakala yangu nimeiweka kwa Zuena, mke wangu. Karatasi inaibwa, kichwa cha Zuena hakisahau. Kesho anauza samaki kama kawaida, meza yake inagusana na ubao. Nimemwagiza achunguze nani anamletea Philémon maneno.

Alhamisi, 6 Mei

Kambale yuko ubaoni. Na saa yake.

Zuena anasema hakuona mgeni yeyote. Asubuhi yote Philémon alikuwa anaongea na yeye tu.

Basi ni Émerence. Anavaa vile vifuniko vya masikio, anasikia kila kitu. Nikamwendea na kipande cha kitenge, nikamuuliza kwa upole kama habari zangu zinatoka kwake. Akasema, "Baba Abedi, minyi nauza foni tu. Sauti unaleta weye." Jibu la mwenye hatia. Kitenge amebaki nacho.

Jumamosi, 8 Mei

Nilikuwa nimepata dawa. Zile alama! Nikizimwaga nyingi, habari inajificha ndani yake, na mwizi ataona giza tupu. Lukmani peke yake ndiye ataelewa.

Nikashika foni, nikapaza sauti: fungua H moja, fungua B, treni ya Kaniama... Nikasikia mkono begani. Kapiteni Kisimba. Maskini, alikuja kumsalimia mama yake kwa foni. Vita hii, ukitaja herufi na namba hewani unaulizwa. Akaninyang'anya foni kabla sijafunga.

Aliniketisha kwenye kibanda cha walinzi mpaka alasiri. Akauliza H moja ni nani. Nikasema si mtu, ni kichwa. Kichwa cha nani? Nikamsihi anirudishe kwenye foni niifunge haraka, la sivyo vitu vyote vitakuwa vikubwa mpaka Ulaya. Akamwita soda wa pili.

Kilichoniokoa ni benchi. Walikuja wote na Émerence mbele, wakamwambia kapiteni huyu ni Abedi wa vitenge, kupaza habari njo kazi yake, hana ubaya. Wakamsimulia habari zangu zote kwa mpangilio, ng'ombe, kambale, hata zile za mwezi uliopita. Mama mmoja alizisema vizuri kuliko minyi. Kapiteni akacheka, akaniachilia.

Nimerudi nyumbani. Benchi zima linajua kila kitu! Philémon amewafikia wote.

Jumatatu, 10 Mei

Lukmani amechagua. Philémon.

Ameniambia kwenye foni, watu wote wakasikiliza. Tangu Jumamosi ukurasa ulikuwa herufi kubwa juu mpaka chini, ndugu wa Ulaya wakadhani vita imeisha, wengine wakalia kwa furaha. Akasema, mjomba, samahani. Philémon akanipa mkono na kusema pole. Mkono una chaki. Imeniuma sana, sitaficha. Nimekataa kula, Zuena amekula sehemu yangu.

Halafu nikafikiri, na sasa nimemjua mpelelezi. Ni nani aliyezipokea habari zangu zote, kila mara, bila kukosa hata moja? Lukmani! Mutoto niliyembeba mgongoni.

Nitamshtaki kwa mama yake, dada yangu Mwajuma, aliye Likasi. Kwa siri kubwa, mtu asijue. Nimemwomba Émerence anipangie kesho saa ya watu wengi, ili vurugu yao inifunike. Amekubali, ila ameonya Likasi wanasikia vibaya sana, itabidi nipige kelele hasa. Nitapiga.