Papa Volkano Anaombwa Saini

Hata kikombe cha pili cha chai sijamimina pale kwenye benchi ya wateja wangu, mtaani Kisugu, Papa Volkano ameshaanza kupiga meza kwa kofia. Jina lake Anselme, fundi cherehani, mtu wa Goma, ng'ambo ya mpaka. Hilo la Volkano alijitafutia mwenyewe: kila wiki lazima atusimulie alivyokimbia mlima ukitapika moto, binti yake mgongoni.

"Sisaini! Barua irudi kwa benyewe!"

Barua imetoka shuleni. Benedicte, huyo huyo wa mgongoni, sasa yuko na miaka kumi na saba, na amechaguliwa kwenda Aisilandi wiki sita za likizo, bure kabisa, kusoma milima ya moto. Mwalimu anataka saini ya mzazi leo kabla ya saa kumi.

"Mzee, ndege ya bure hiyo!" akasema Owuor, fundi simu. Tunamwita Profesa kwa sababu tangu nimjue hajawahi kusema "sijui". "Huko maji ya kuoga yanatoka ardhini yamechemka yenyewe. Hakuna makaa, hakuna gesi."

"Ku Goma ilitoka moto yenyewe! Nyumba yangu ikaisha! Mimi nilikimbia volkano bila mutu kuniita, leo bazungu banalipa ndege juu ya kuiangalia?"

"Tena miezi hii jua halizami," Profesa akaendelea. "Saa sita usiku unasoma gazeti nje."

Hapo Dady akashtuka. Dady anaongoza kwaya, lakini jioni anapiga gitaa kwenye baa za Kabalagala. Kisugu nzima inajua, isipokuwa mchungaji wake.

"Usiku hakuna? Sasa mkesha wanafanya saa ngapi?"

"Mwangani tu."

"Na baa?"

"Mwanga huo huo. Kila mtu anakuona ukiingia."

"Banange!" Dady akajishika kichwa. "Anselme, usisaini. Hiyo nchi haina huruma."

Nikawaambia wapunguze kelele, wateja wangu wengine wanapita mbali. Anselme ndiyo kwanza akasimama, akajigeuza, akatuonyesha mgongo.

"Mutoto nilimubeba na hii! Kwa miguu mpaka Sake! Hata leo inaniuma! Halafu nimurudishe kwa moto na mukono yangu mwenyewe?"

Hata mimi niliyekuwa upande wa msichana nikamjazia kikombe. Mtu akishakutolea mgongo, utamnyima chai?

Ndipo Benedicte akatokea na sare ya shule, anahema, kalamu mkononi.

"Papa, mwalimu ananingoja. Soma basi hata insha iliyofanya nichaguliwe."

"Soma wewe. Miwani iko nyumbani."

Akasoma, wima kama yuko mbele ya darasa: "Siku mlima ulipolipuka, papa yangu alibeba cherehani mgongoni. Mimi nilishika shati lake nikakimbia nyuma. Yeye hakugeuka hata mara moja. Mimi niligeuka njia nzima, na tangu siku ile nataka kujua ule moto ulitoka wapi."

"Cherehani?" nikasema.

"Cherehani!" Dady akateleza kutoka kwenye benchi, akacheka akiwa chini, nami nikacheka naye.

"Mimi nilijua," akasema Profesa. "Wakati ule msichana alikuwa na miaka kumi na mbili, nani anabeba?"

"Ulijua lini?"

"Zamani."

Anselme hakucheka. Alimtazama binti yake, macho yamejaa maji, na mimi nikajuta kucheka.

"Ile mashine ilikuwa chakula yenu," akasema polepole.

"Najua, Papa. Ndiyo imenisomesha. Nimeandika hivyo kwenye ukurasa wa pili."

Anselme akanyoosha mkono, akachukua kalamu. Akasaini ile barua kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

"Huko mulima ikianza kulia, usingoje mutu. Unasikia? Kimbia peke yako."

"Huyo?" akasema Profesa. "Huyo alishazoea."