Majani Yangu na Damu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Ushindi! Majani ya ule mti wa nyuma ya maabara nimeyakausha, nimeyasaga, nimeyachemsha. Nikajitoa damu, nikaitia kichupani, nikadondoshea maji ya majani. Mpaka jioni haijaganda. Maji matupu! Dawa mpya ya kuzuia damu isigande, na mvumbuzi ni mimi. Bi Miwani, mpinzani wangu wa meza ya pili, akauliza kama nimepima na damu isiyotiwa majani. Kijicho hicho.

Jumanne, 4 Machi
Chakula kwa mama mkwe. Tangu damu imgande mguuni anameza vidonge vya hospitali, na vimemchosha. Nikamwambia siku za vidonge vile zinahesabika, dawa ya mkwewe iko njiani. Kaniita mwanangu! Kwa kawaida mimi ni Bwana Maneno.

Jumatano, 5 Machi
Aibu. Nimesimama mbele ya profesa na maabara nzima, kichupa juu. Bi Miwani akaomba kuona kifuniko. Buluu. Akasema, kwa upole wa kuudhi, kwamba vichupa vya buluu hutoka kiwandani vimeshatiwa dawa ya kuzuia damu kuganda. Tukarudia kwa kichupa kisichotiwa dawa. Damu ikaganda, majani yakiwemo. Profesa hakufoka. Alitazama dirishani. Heri angefoka.

Alhamisi, 6 Machi
Mke wangu kapiga simu kazini, analia. Mguu wa mama umevimba. Ameacha vidonge tangu juzi, anangoja dawa ya mkwe! Mbio hospitali. Daktari akauliza nani kamwachisha. Mama mkwe akatazama ukuta, ananisitiri. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. Daktari akaagiza sindano, akasema tumewahi.
"Nilikuamini, mwanangu," mama mkwe akasema.
Basi. Angenitukana ningepona.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe karudi nyumbani na vidonge vyake. Mguu unapungua. Nimempigia magoti, kanisamehe. Mke wangu bado ananisalimia kama jirani. Nimeapa: dawa isiyopimwa haitoki tena mikononi mwangu. Uso sina.
Ila damu ya Jumatano iliganda upesi. Upesi wa ajabu! Kumbe majani yangu hayazuii, yanagandisha! Nasikia kinyozi wa mtaani huwakata wateja masikio. Nimeshampelekea chupa.