Leo Ngazi Zinapanda Tu

"Mama yangu anashuka leo, hata kama nitamfunga parachuti!"

"Dada Joséline, teremsha sauti. Hapo uliposimama ni eneo la anga."

"Anga gani, Burhani? Hii ni ngazi! Una akili kweli wewe?"

Ofisa hajibizani na raia, hasa raia aliyemshinda hoja. Nikaweka sawa kizibao changu cha kung'aa, nikakaza utepe niliozibia ngazi hapo ghorofa ya kumi na nne, nikamsomea tangazo upya.

Tangazo lenyewe zito. Kuanzia leo taifa lina Mzinga wa Anga, silaha ya kutungua satelaiti za adui. Adui bado hajapatikana, ila tenda yake imeshatangazwa. Mzinga unafungwa kwenye paa letu hapa Hillbrow, Joburg, maana wataalamu wamepima wakaona ukianzia ghorofani, safari ya angani inapungua mita hamsini. Na mimi, niliyekuwa mlinzi wa mlangoni, nimepanda cheo: Mratibu wa Anga, Kanda ya Ngazi. Kwa usalama wa taifa, leo ngazi zinapanda tu. Kushuka ni kesho.

"Na lifti?"

Swali la kichochezi hilo. Lifti ilikufa miaka mitano iliyopita. Fungu lake la matengenezo lipo, salama kabisa, ndani ya mzinga.

"Burhani, daktari wa mguu tumemsubiri miezi minane. Ni leo, saa mbili asubuhi. Mama akikosa, jina linarudi mwisho wa foleni, na kidonda cha sukari hakisubiri foleni. Wataukata mguu. Umenisikia? Wataukata."

"Idara ya Anga inautambua mguu huo," nikasema.

Mlango wao ulikuwa wazi. Mama Gaudiose kakaa kitandani na gauni la kanisani, mguu mmoja kiatu, mwingine bandeji. "Mwache, Joséline," akasema. "Mtoto wa watu anafanya kazi yake."

Hiyo iliniuma. Lakini kuumwa hakumo kwenye majukumu ya mratibu.

Siku zote Mama anashushwa na Vénérand na wenzake watatu, Warundi wa ghorofa ya sita. Wana machela ya kwao, wanaiita ingobyi: wameitengeneza kwa mabomba mawili ya maji na blanketi katikati. Idara ilipoona watu wanabeba mtu mzima ghorofa kumi na nne bila kumwaga hata chai yake, ikajua huu ni utaalamu adimu. Ikawachukua wote wanne wapandishe mzinga. Nchi ikitaka kwenda angani lazima ianzie mabegani kwa mtu.

Wakatokea, jasho chapachapa, mzinga ndani ya blanketi. Nyuma yao Naibu Mkurugenzi wa Idara na mkasi wa sherehe. Akaona utepe wangu, akaukata, akajipigia makofi. Wakapita kwenda paani.

Haikupita muda, tukasikia puu! Mzinga haukuguswa. Naibu Mkurugenzi alikanyaga mavi ya njiwa, akateleza, goti likavimba kama kabichi. Akashuka kwa makalio, ngazi moja moja, mpaka kwetu. Akakuta Vénérand, aliyeshautua mzinga akamtangulia kushuka, anamlaza Mama kwenye ingobyi.

"Mtoeni huyo," akasema kwa Kiingereza. "Nishusheni mimi."

Nikatafsiri. Ndiyo kazi.

Vénérand akafuta jasho. "Muulize, yeye ameshambeba nani? Kwetu anabebwa anayebeba wenzake."

"Nimebeba dhamana ya taifa!"

"Ina kilo ngapi?"

Naibu Mkurugenzi akapiga simu kuomba helikopta. Wakamwambia helikopta ni ya idara nyingine, fomu inachukuliwa dirishani, aje mwenyewe.

"Mwambie asipate tabu," Vénérand akasema. "Aache jina. Leo mtandao hakuna. Arudi baada ya miezi sita na karatasi zote, kopi hatupokei."

Maneno hayo ya madirisha ya serikali kila mgeni wa Joburg anayajua kwa moyo. Naibu Mkurugenzi, aliyeyasema maisha yake yote, ndiyo kwanza ameambiwa.

"Eish," akasema. "Lakini mimi naumwa."

"Wote wanaumwa, baba," Joséline akamjibu.

Ncha moja ya bomba ilikosa mtu. Ruphin, mmoja wa wale wanne, alikuwa kajikunja ukutani kashika bega, mzinga ulilitegua. Vénérand akaniangalia, kisha akaliangalia bomba.

"Mratibu! Ziba ngazi! Ni amri!"

Nikamfafanulia Naibu Mkurugenzi kwamba ngazi haziwezi kuzibwa kabla ya kukaguliwa, ngazi kwa ngazi, mpaka chini, na kwamba ukaguzi wa namna hiyo haufanyiki mikono mitupu. Nikainama, nikaingiza bega. Mama Gaudiose ni mzito kuliko cheo changu chote.

"Na mimi je?" akauliza Naibu Mkurugenzi. "Mratibu! Na mimi je?"

Ilikuwa saa moja na dakika kumi. Nikampa mgongo, tukaanza kushuka.