Boksi la Besi

Jumanne, 4 Machi

Nyuzi Tano ameingia bendi yetu. Hatukumwita. Kaja na gitaa la besi lenye nyuzi tano, na kabla hujamsalimia ameshakuhesabia moja mpaka tano. Langu lina nne. Nne zimenitosha tangu ujana. Hata mke wangu nilimpata kwa nne.

Kaja pia na amplifaya yenye taa ya buluu. Yangu ni ndogo, unaibeba kwa mkono mmoja huku wa pili unapunga watu. Nyumbani tunaiita Kadogo. Mke wangu, Mama Pacha, ndiye aliyeninunulia, kwa kushona sare za shule muhula mzima, na akaishonea na kifuniko cha kitambaa cha kochi. Pacha mmoja aliwahi kutumbukiza kifungo cha shati ndani yake, hakijatoka mpaka leo. Nikigusa uzi mzito kinatetema, krrr. Naipenda. Ila ukiiweka kando ya ile ya Nyuzi Tano, inaonekana imekuja kusindikiza.

Kiongozi wa bendi ni shemeji, kaka yake Mama Pacha. Kasema harusi ya Jumamosi inataka mpiga besi mmoja tu, jukwaa ni dogo. Alhamisi atatusikiliza sote wawili. Atakayejaza ukumbi ndiye atakayepiga. Nikamkumbusha kwamba mimi ni mume wa dada yake. Akasema anakumbuka sana, ndiyo maana kanipa mpaka Alhamisi badala ya kuamua leo.

Na gauni la bibi harusi limeshonwa na Mama Pacha! Atakuwepo. Mimi nitakaa na wageni, meza ya karibu na choo, nikimpigia makofi Nyuzi Tano? Thubutu. Lazima nipate amplifaya kubwa.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata! Kwenye kundi letu la wanamuziki la simu, mtu kaweka picha ya boksi la amplifaya ya besi. Linafika kifuani. Kitambaa cheusi mbele, vitufe vinane vya kung'aa juu. Bei ya kutupa. Nikamwuliza kama ni zima. Akajibu kwamba hajawahi kupata malalamiko. Nikalipia hapohapo kinyozini kwangu, mashine ya kunyolea mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto. Mteja aliyekuwa kitini ametoka kinyozini na barabara katikati ya kichwa. Nimemwambia ndiyo mtindo. Akajitazama sana kwenye kioo, kisha akaniomba nimwazime kofia.

Boksi limeletwa kwa mkokoteni. Jepesi ajabu. Nikasema moyoni, kweli dunia imeendelea. Nikafungua ubao wa nyuma. Tupu! Hamna spika, hamna waya, kuna buibui na familia yake. Nikampigia muuzaji kwa hasira. Akasema niliuliza kama ni zima, nalo ni zima, halina hata ufa.

Nikakaa juu ya boksi nikijionea huruma. Halafu akili ikanifunguka. Kama boksi halina kitu ndani, mimi ninacho cha kutia!

Seremala wa jirani kanifanyia kazi safi. Kadogo kaingizwa ndani, kafungwa kwa skrubu juu ya ubao, tundu la waya wa gitaa limeletwa mbele. Ukitazama, unaona mnyama mkubwa mweusi. Kasoro ni moja tu. Vitufe vya kweli vimebaki ndani na mkono haufiki. Vile vinane vya nje havijaunganishwa na chochote. Nimefungulia sauti mpaka mwisho, kisha seremala akagongelea ubao. Akaniuliza namdanganya nani. Nikamwambia hii ni sanaa.

Mama Pacha hakuona lolote, alishinda kwa bibi harusi akipima gauni. Nitamweleza nikishashinda.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Ushindi mtupu!

Tulikutana stoo ya nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, ndiko tunakofanyia mazoezi. Nyuzi Tano akaanza. Kapiga vizuri, sitaki kusema uongo ndani ya shajara yangu mwenyewe. Nikaingiza boksi. Wote wakageuka. Hata mpiga ngoma alisogeza kiti chake nyuma.

Nikapiga. Sijui ni lile boksi au ni mimi, lakini sauti ilikuwa nene, nilijisikia nimekua. Shemeji akasema nipunguze kidogo. Jasho likanitoka. Nikazungusha kitufe cha pili kwa madaha, nikaanza kugusa nyuzi kwa ncha za vidole tu, kama mtu anayeiba sukari. Akasema hapo sawa. Akataka niongeze. Nikazungusha kitufe cha tano, nikachapa kwa nguvu zote. Shemeji akawaambia wenzetu kwamba hivyo ndivyo vitufe vya zamani, vinasikia.

Nyuzi Tano akaomba ajaribu. Akachomeka, akazungusha kitufe cha saba, akafumba macho. Akasema sasa imepata joto. Akakirudisha. Akasema sasa limepungua. Akagusa uzi mzito, kifungo kikatetema, krrr. Nikajua nimekwisha. Lakini yeye akatikisa kichwa kwa heshima, akasema huo mkwaruzo ni mbao kuukuu, katika vitu vya siku hizi huupati.

Shemeji kaamua: Jumamosi ni mimi.

Ningeondoka pale ningekuwa mtu mwenye furaha hadi sasa hivi. Lakini Nyuzi Tano kanifuata mlangoni. Anataka tubadilishane, boksi langu kwa amplifaya yake, mkono kwa mkono. Ile ya taa ya buluu! Kwa boksi la buibui! Nikajifanya nasitasita. Nikakuna kidevu. Nikasema litaniuma sana kuachana nalo. Nikakubali kabla hajamaliza kunibembeleza.

Nimefika nyumbani naimba. Mama Pacha kaitazama taa ya buluu, akasema ni nzuri, kisha akauliza Kadogo yuko wapi.

Naapa, mpaka sekunde ile sikuwa nimemkumbuka. Nilikuwa nauza boksi. Ndani ya akili yangu boksi lilikuwa bado tupu.

Nikasema yuko kwa fundi.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi Mama Pacha kauliza ni fundi yupi, atampitia akienda kununua zipu. Nikasema kafunga, amefiwa. Akaweka mkono kifuani, akauliza kafiwa na nani, aende kumpa pole. Nikasema kafiwa mbali. Akauliza mbali wapi. Nikakumbuka nina mteja anayenisubiri, nikatoka na kandambili za pacha.

Nimerudi mchana kuchukua viatu. Nimekuta kafua kile kifuniko cha kitambaa cha kochi, kakipiga pasi, kakikunja juu ya cherehani. Kaniambia Kadogo akirudi avae safi. Sikula. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikajiona mtu wa hovyo kabisa. Muhula mzima aliinamia zile sare, mgongo unamuuma, mimi nikalipeleka jasho lake kwa Nyuzi Tano bila hata kushtuka.

Lazima Kadogo arudi leo, kabla fundi hajalazimika kufiwa tena.

Mpango wa kwanza: nikamwomba Nyuzi Tano turudishiane. Kakataa. Kalipaka boksi mafuta ya samani, linawaka. Akaniuliza kwa upole kama amplifaya yake nimeshaipiga kwa muda mrefu. Nikasema bado. Akasema vizuri, nisiichoshe. Niliona ni ubinadamu.

Mpango wa pili: nikarudi na bisibisi na sura ya kitaalamu. Nikasema boksi la namna ile hufunguliwa kila mara likihama nyumba, kutoa vumbi. Niko tayari kumfanyia bure. Kasema sawa, ila atakaa hapo aone ili ajifunze. Akakaa. Akakaa juu ya boksi lenyewe! Nimefuta vumbi la nje kwa saa nzima, na mkewe kanitolea maji ya kunywa, akanishukuru kwa moyo wangu.

Na jioni shemeji kapiga simu amewaka. Kasikia boksi limehama. Anasema aliajiri boksi, mimi nilikuwa mzigo uliokuja nalo. Sasa tuje sote wawili, jukwaa litajijua. Nitaanza mimi, nikiharibu anaingia mwenzangu.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kabla hata sijavua viatu.

Ukumbi ulijaa. Mimi kushoto na taa yangu ya buluu, Nyuzi Tano kulia kasimama kando ya boksi kama polisi wa benki. Nyimbo mbili za mwanzo, safi. Wa tatu, safi. Bibi harusi akaingia, Mama Pacha nyuma yake kashika mkia wa gauni. Nikamkonyeza. Ndipo taa ya buluu ikazima.

Kimya! Nikapiga uzi, hakuna. Nikapiga amplifaya kofi, hakuna. Bibi harusi akasimama mguu mmoja mbele. Nikamtazama Nyuzi Tano. Anatazama dari. Kumbe! Ile amplifaya ikipata moto inakufa, alijua siku zote! Mtu mwongo namna ile, mimi nikaona ni ubinadamu.

Shemeji akanyakua waya wangu akauchomeka kwenye boksi. Nikapiga. Sauti ikarudi, nene, tamu, na mwisho wa kila mzunguko, krrr.

Mama Pacha akainua kichwa. Anajua krrr ile kuliko anavyojua sauti yangu. Kifungo ni cha kwake. Alitembea na bibi harusi mpaka kitini, akapanga mkia wa gauni vizuri bila haraka, kisha akaja jukwaani. Akaweka kiganja ubavuni mwa boksi. Hakunitazama. Akatoa mfukoni mkasi wake mdogo, akafungua kile kitambaa cheusi kwenye mshono, taratibu, bila kukichana hata uzi mmoja.

Ndani, Kadogo, kajikunyata kwenye ubao, kataa kake kekundu kanawaka.

Mpiga ngoma ndiye aliyeanza kucheka. Halafu shemeji, mpaka akashika ukuta. Halafu ukumbi mzima, wale wa mbele wakiwaeleza wa nyuma. Nyuzi Tano alichungulia, akanitazama, akachungulia tena. Nilidhani atanipiga. Akauliza kwa sauti ndogo, sasa lile joto la kitufe cha saba lilitoka wapi. Nikamwambia sijui, kaka, hata mimi nilikuwa nalisikia.

Tulimaliza harusi sote wawili kwa Kadogo, wimbo mimi, wimbo yeye. Mwisho kachukua ya kwake ya buluu na boksi kalikataa. Mama Pacha kambeba Kadogo mwenyewe njia nzima. Sikuthubutu kumpokea.

Jumapili, 9 Machi

Mama Pacha kaongea baada ya chai. Nilitegemea kelele. Kasema boksi halikumkera, tena alitaka kucheka pale pale. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa ameshamnunulia mke wa fundi kanga ya rambirambi.

Nikalia. Naliandika kama lilivyo. Nikamwambia kwamba nilitaka awe na mume anayejaza ukumbi. Akasema hajawahi kuolewa na ukumbi. Nampenda mwanamke huyu, na sijui aliona nini kwangu.

Kisha akamvalisha Kadogo kifuniko chake, akamweka pembeni ya cherehani, akaniambia nimpigie ule wimbo wa zamani, wa siku alipokuja na dada zake kututazama tukifanya mazoezi. Nikapiga polepole. Alikuwa anapinda shati la mtu. Alipofika kwenye mkono akaacha, akasikiliza tu. Pacha wakaja wakakaa chini. Kasema kesho jioni nimpigie tena, dada zake wanakuja, anataka wausikie.

Nimeapa mbele ya pacha wote wawili. Sinunui, siuzi, wala sibadilishani amplifaya tena maishani.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi njema. Moyo mweupe. Nimekuwa mtu mpya.

Mteja wa kwanza alikuwa mchomelea vyuma, kaja kunyoa ndevu. Tukaongea hili na lile. Kumbe marehemu mjomba wake alimwachia gitaa la besi, yeye hapigi, linakaa nyuma ya mlango. Nikamwuliza lina nyuzi ngapi, kwa kutaka kujua tu. Kasema sita.

Sita!

Kiapo changu kilihusu amplifaya. Pacha ni mashahidi, gitaa halikutajwa popote. Kalileta saa ile ile na ndevu zake nusu. Tumebadilishana langu kwa lake, juu yake nitamnyoa bure mwaka mzima, yeye na kaka zake. Ana kaka wengi kidogo, lakini hilo si tatizo. Nyuzi Tano atajua hajui!

Shingo ya gitaa ni pana kama ubao wa kupigia pasi, vidole vyangu havifiki ng'ambo. Zile nyuzi mbili za ziada bado sijazielewa, hata ipi ni ya juu na ipi ya chini. Nimejaribu ule wimbo wa zamani tangu mchana, hautokei, unatokea mwingine. Mteja aliyekuwa anasubiri zamu yake kasema atarudi wiki ijayo.

Mashemeji wameshafika. Nasikia Mama Pacha anawapangia dada zake viti.